Maji Ambayo Sikuyamwaga

Kabla sijawaambia lolote, vijana wangu, chukueni kipande cha mbao mnachodhani kimekauka mkiweke shavuni. Kikiwa baridi kama pua ya mbuzi, kirudisheni kwenye rundo mwende mkanywe chai, kwa maana bado kina maji ndani. Chekeni tu. Mimi pia nilicheka nilipomwona mtu mzima akiulalia ubao shavu lake huku amefumba macho. Mtu huyo aliitwa Syengo, na karibu yote ninayoyajua kuhusu mbao ngumu niliyapata kwake. Nilimshukuru kwa kumharibia jina mbele ya kanisa zima. Hayo ndiyo nitakayowasimulia, ila nitazunguka kidogo kabla ya kufika, kwa sababu mzee anayekwenda kukiri kosa hatembei mbio.

Mimi ni Yosefu Nzioka, mtu wa Kilungu. Kwetu vilimani kuna ukungu asubuhi, na miti tuliyoizoea ilikuwa grevilea na saiprasi, miti mipole isiyomtesa fundi. Nilisomea useremala katika chuo cha ufundi, nikapata cheti, nikakiundia fremu kwa mikono yangu na kukitundika ukutani kwa mama yangu. Fremu ilipata ufa upande mmoja kabla ya mwaka kwisha. Mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi niliigeuza tu, upande wenye ufa ukawa chini ambako wageni hawaangalii.

Tena kuna ile meza ya mchungaji. Niliitengeneza kwa grevilea iliyokatwa mwezi huohuo, nikapiga gundi na misumari pande zote nne, nikaipaka vanishi mpaka ikang'aa. Siku ya kuizindua tuliketi, mchungaji akaanza kuombea chakula, na maombi yake hayakuwa mafupi. Katikati ya maombi meza ikalia "pa!" kama bakora, ikapasuka kutoka mwisho hadi mwisho. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akashtuka akasema "Amina!" na watu wakaanza kula. Mchungaji alinitazama wakati wote wa mlo, nami nikawa naisemesha sahani.

Someni kosa hilo vizuri. Ubao ukikauka haupungui urefu, unapungua upana. Ukiushika kwa misumari kushoto na kulia, unataka kujivuta lakini hauna pa kwenda, basi unajirarua wenyewe. Mashimo ya skrubu yawe marefu kidogo ili ubao uweze kujisogeza. Hilo nililijifunza kwa aibu, lakini ilikuwa aibu ya kuchekesha, na ningali naisimulia kwenye harusi. Ile nyingine sijaisimulia kwenye harusi yoyote.

Nilikwenda Mwingi miaka ya sabini nikiwa sijaoa. Kanisa la huko lilikuwa likijenga nyumba mpya ya ibada, kubwa, ya mawe, na lilikuwa na karakana yake nyuma ya uwanja. Niliajiriwa kuwa fundi wa milango, madirisha na viti. Mbao hazikununuliwa. Washiriki walikubaliana kwamba kila boma lenye mukau litoe mti mmoja. Mukau ni mti wetu wa nchi kavu. Sijui watu wa pwani wanauitaje, lakini ubao wake ni mwekundu-kahawia, mchwa hawaupendi, na ukiupiga randa unatoa harufu nzuri. Wazee wetu waliuchonga mizinga ya nyuki, na mtu akikupa mukau amekupa kitu ambacho angewaachia wanawe.

Mti mzuri kuliko yote ulitolewa na mjane, mama mzee tuliyemwita Mwaitu Ndunge, yaani Mama Ndunge. Alikuwa na mukau mmoja tu. Ulikuwa mnyofu, mnene, hauna fundo. Wazee walisema huo ndio uwe mlango mkubwa wa mbele na mimbari.

Msimamizi wa mbao alikuwa Syengo, mtu wa Kyuso, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na mitano. Alikuwa mpasuaji wa mbao wa zamani, wa ule msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine shimoni akila unga wa mbao. Hakujua kusoma. Alikuwa mkali kama pilipili kichaa na hakuheshimu cheti cha mtu. Juma langu la kwanza nilianika mbao juani, nimeziegemeza ukutani, nikaenda zangu. Aliporudi akaziangalia, akaniangalia mimi.

"Wewe wa Kilungu," akasema, "hii ni mbao ama ni sukuma wiki unaanika?"

"Si zinatakiwa zikauke, mzee?"

"Ngozi ya mbuzi ukitupa kwa jua kali inakuwa aje?"

"Inajikunja. Inakatika."

"Kwa nini?"

Nikafikiri. "Juu imekauka na ndani bado."

"Sasa umejijibu. Toa hizo vitu kwa jua kabla sijakuanika wewe."

Hapo ndipo elimu yangu ilianza, nami nawapa kama nilivyopewa. Gogo likianguka, siku hiyohiyo ziba ncha zake mbili, kwa sababu maji ya mti hukimbilia kutoka nchani, na ncha ikikauka peke yake ndipo ufa unapoanza. Syengo alitumia nta ya nyuki, ile ya masega ambayo warina asali walikuwa wakitupa, akaiyeyusha na kuipaka ikingali moto. Nta ikikosekana alichanganya mavi ya ng'ombe na majivu, akasiliba kama mama anayesiliba nyumba. Mimi baadaye nilitumia rangi ya mafuta iliyobaki kwenye mikebe. Yote hufanya kazi, mradi usingoje kesho.

Ukipasua, utoe kile kiini cha katikati ya mti, usikiache ndani ya ubao, maana kitapasuka hata ukikiombea. Panga mbao juu ya mawe, mbali na mchwa, chini ya kivuli. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vikavu vya unene mmoja, kijiti juu ya kijiti, vinyooke kama nguzo kutoka chini hadi juu, na vya mwisho vikae kwenye ncha kabisa. Juu weka mawe mazito ili mbao zisijikunje. Siku moja Syengo alikuta nimepanga vijiti ovyo. Alilivunja rundo zima, akanikabidhi, akaenda kula.

Lakini jambo kubwa lilikuwa maji. Kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi Mwingi hupigwa na upepo mkavu unaopasua hata midomo ya watu. Fundi mgeni hufikiri kwamba nchi kavu ni nzuri kwa kukausha mbao. Syengo alisema kinyume.

"Huku kwetu mbao haihitaji kusaidiwa ikauke," aliniambia. "Inahitaji kuzuiwa."

Basi alishona magunia ya katani, akayatundika upande upepo unakotoka, hatua mbili kutoka kwenye rundo, na kila asubuhi na kila saa tisa aliyalowesha. Upepo ukipita hapo ulifika kwenye mbao ukiwa umepoa na una unyevu. Alisema wiki za kwanza ndizo za hatari. Mbao zikishazoea, magunia hutolewa na hewa ikaachiwa ifanye kazi yake.

Sasa fikirini Mwingi ya wakati huo. Maji yalichimbwa kwenye mchanga wa mto, yakaja kwa punda. Karakana ilipewa madebe manne kwa siku, na mtu mmoja anachukua mawili anayamwaga kwenye magunia! Kina mama wa kanisa walinung'unika kwamba mbao zinakunywa kuliko watoto. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Mzee Kilonzo, alikuja kujionea, akamuuliza Syengo mbele yetu sote kama amewahi kuona mtu akikausha nguo kwa kuilowesha. Watu wakacheka. Syengo akakunja uso.

"Mzee," akasema, "nipatie hiyo maji mpaka mvua ije. Hii mukau ya Mwaitu Ndunge ikipasuka, mniite mjinga mbele ya kanisa."

Kamati ikakubali shingo upande. Jina la Syengo likawa limefungwa kwenye magunia yale, na kila mtu Mwingi alilijua hilo.

Mwezi wa tisa akaletewa habari kwamba mama yake ni mgonjwa sana Kyuso. Kabla ya kuondoka alinichukua mpaka kwenye rundo la mbao za Mwaitu Ndunge, akanifanya nirudie maagizo kama mtoto wa shule: asubuhi, saa tisa, madebe mawili, usikose hata siku moja.

"Wengine wakimwaga watamwaga wakicheka," akaniambia. "Wewe ndiye mtu moja anajua ni ya nini. Nakuachia wewe."

Nikamwambia aende kwa amani. Siku hiyo nilimaanisha.

Karibu na mahali magari yaliposimama palikuwa na hoteli ndogo ya chai, ya mama mmoja aliyekuwa na binti aitwaye Kalekye. Nilikuwa nimekunywa chai nyingi pale kuliko kiu yangu ilivyodai. Siku ya tatu baada ya Syengo kuondoka nilifika nikakuta mlango umefungwa nusu, na Kalekye amesimama hapo na debe tupu.

"Chai hakuna, fundi," akasema. "Maji imeisha, na ile ya punda mama hakupata. Tutafunga mpaka tuone."

"Kesho mtafungua," nikamwambia, na kifua kikanijaa.

Asubuhi iliyofuata nilipeleka debe moja, moja nikalimwaga kwenye magunia. Kalekye alinitazama kama mtu aliyeteremsha mvua. Nilipewa chai ya maziwa na mandazi mawili bila kuagiza. Siku ya pili mama yake akaniita "mwanangu". Siku ya tatu nilipeleka yote mawili, na tangu hapo magunia yale yalining'inia yakiwa makavu mpaka yakawa yanapiga kelele kwa upepo. Nilijiambia kwamba pengine Syengo hutia chumvi mno katika mambo yake. Mbao haina mdomo wa kunisema, ila Kalekye alikuwa na macho. Nilikuwa mtu mzima mwenye cheti, msije mkanitetea kwa kusema nilikuwa kijana.

Zilipita kama siku kumi. Adhuhuri moja nilikuwa napiga randa fremu ya dirisha nikasikia "tak", sauti ndogo, kama mtu aliyevunja kijiti kikavu. Baadaye nyingine. Nilijua ni nini kabla ya kuinuka. Nilikimbia, nikachukua madebe yote manne nikayamwaga kwa pamoja kwenye magunia, kwenye mbao zenyewe, hata ardhini, kama mwendawazimu. Ilikuwa bure. Nyufa zilikuwa zimeanza kwenye ncha, zikatambaa mpaka katikati ya mbao, nyingine pana kiasi cha kuingiza kisu. Hakukuwa na ubao hata mmoja wa kutosha mlango.

Syengo alirudi baada ya kumzika mama yake. Ndiyo, alikuwa amefiwa, nami sikuwa nimejua. Alikwenda moja kwa moja kwenye rundo na vumbi la safari likiwa bado miguuni, akapitisha mkono juu ya ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilijua atanipigia makelele, na katika makelele yale ningemwambia yote, kwa sababu ni rahisi kukiri kwa mtu anayekutukana. Hakupiga kelele.

"Nzioka. Maji ulimwaga?"

"Nilimwaga, mzee."

"Asubuhi na saa tisa?"

"Kila siku."

Akanitazama kidogo, akaniamini. Aliketi kwenye jiwe, akasema kwa sauti ya chini, "Basi ni mimi nilikosea."

Nilisimama pale, mdomo wangu haukufunguka. Mnaosoma mtadhani uongo wenyewe ulikuwa lile neno "nilimwaga". Kwangu mimi ulikuwa mkubwa zaidi katika kile kimya kilichofuata, nilipomwona mtu akitilia shaka mikono yake kwa ajili ya neno langu, nikamwacha.

Jumapili baada ya ibada kamati iliwaomba watu wabaki. Mzee Kilonzo akanisimamisha kama msomi wa karakana, akataka niwaeleze kanisa sababu. Ningeweza kusema sijui. Lakini watu walikuwa wananitazama, Kalekye na mama yake wameketi upande wa wanawake, na nikasikia sauti yangu ikisema kwamba maji na jua havipatani, kwamba mbao ikilowa na kukauka, ikilowa na kukauka, lazima ipasuke. Nilitumia hata maneno mawili ya darasani. Vichwa vikatikisika vikikubali. Ilikuwa hotuba nzuri.

Syengo akasimama nyuma. "Mimi nilisema ikipasuka mniite mjinga," akasema. "Sasa niiteni."

Hakuna aliyemwita. Hakuna pia aliyemzuia alipotoka. Wiki hiyo alirudi Kyuso.

Mwaitu Ndunge alinijia karakana siku mbili baadaye, akazishika mbao za mti wake moja moja.

"Mwana wakwa, niambie," akasema. "Mti yangu ilikuwa na ubaya? Watu wanasema labda nilitoa na roho mbaya."

"Hapana, mwaitu. Mti ulikuwa mzuri."

"Basi ni ule mtu wa maji," akasema, akaenda zake.

Mlango wa kanisa ulitengenezwa kwa saiprasi kutoka mbali, na mchwa walianza kuula kabla haujamaliza miaka michache. Zile mbao za mukau zilikatwa vipande vya vigoda vya jikoni. Nilivitengeneza mimi, na kila nilipogongomea mguu wa kigoda nilitamani ardhi inimeze.

Nilimwoa Kalekye. Tukahamia Makueni, nikafungua karakana yangu mwenyewe. Na hapa, vijana, aibu inaongezeka badala ya kupungua, maana mwezi wa nane wa kwanza upepo ulipoanza nilishona magunia nikayalowesha asubuhi na saa tisa. Nilijua yanafanya kazi. Nilikuwa mtu pekee duniani aliyekuwa na hakika, kwa kuwa nilikuwa nimeona kinachotokea bila maji. Mbao zangu hazikupasuka. Watu walikuja kutoka mbali kununua milango, wakasema Nzioka ana dawa. Nilifundisha vijana wengi njia ile, na walipouliza nimeitoa wapi nilisema ni ya kwangu.

Miaka ya themanini msumeno wa shimoni ukafa, ukaja ule wa injini unaolia kama nyuki elfu na kupoteza nusu ya mti kuwa unga. Kikundi chetu cha mafundi kilipelekwa Nairobi kuona tanuri la kisasa la kukaushia mbao, chumba kizima chenye feni na mabomba. Nilidhani nitaona moto tu. Mwendeshaji akafungua koki, mvuke ukajaa ndani.

"Mbona mnaingiza maji na mnataka ikauke?" mmoja wetu akauliza, akacheka.

"Isipasuke, mzee," yule kijana akajibu, bila hata kugeuka. "Ukikausha haraka, nje inakauka na ndani bado."

Wenzangu waliandika kwenye madaftari. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na ukuta. Mashine ile ya gharama kubwa ilikuwa ikifanya kazi ya magunia ya mtu wa Kyuso asiyejua kusoma, nami nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa nikamwita mjinga kwa lugha ya darasani.

Nyumbani mke wangu alikuwa na hadithi aipendayo. Kwenye kikundi cha kina mama, kwenye harusi, kwa watoto, alisimulia jinsi baba yao alivyomchumbia kwa maji wakati wa ukame, debe asubuhi, debe asubuhi, bila kukosa. Alipoanza hadithi hiyo mimi nilikumbuka kazi nje. Siku moja, watoto wakiwa wamekwisha kuwa wakubwa, aliniuliza mbona huwa natoka. Nikamwambia maji yale yalikuwa ya nani.

Aliendelea kuchambua ndengu kwenye uteo, na alipoongea hakunitazama.

"Baba Mwende, mimi nimejisifia hayo maji miaka ishirini."

"Najua."

"Nilikuwa kwa kanisa siku ile. Nilikusikia ukiongea, nikasema moyoni, huyu ndiye mwanamume." Akaweka uteo chini. "Enda Kyuso. Mimi usiniombe msamaha kabla ya huyo mzee."

Nikaenda. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilimkuta Syengo ameketi nje ya nyumba yake, mzee wa mbuzi wachache, macho yamepungua nuru lakini sauti ileile. Mwanawe Musyoki alikuwa fundi sokoni, na siku hiyo alikuwa nyumbani. Nilipojitaja jina, Syengo alisimama kwa shida, akanishika mikono yote miwili.

"Musyoki! Kuja uone mtu!" akaita. "Huyu ndiye Nzioka nilikuwa nakuambia. Ule wakati kila mtu ananicheka, nilimwachia maji, na alimwaga kila siku. Kila siku! Mimi ndiye nilikosea, lakini huyu hakuniangusha."

Sijawahi kupigwa na mtu nikaumia kama nilivyoumia kwa sifa zile. Nilimwomba aketi. Nikamwambia yote, hoteli, Kalekye, madebe, magunia makavu, na kwamba tangu hapo nimetumia njia yake na haijaniangusha hata mara moja.

Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Kwa hivyo maji ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa, mzee. Tangu mwanzo."

"Rudia. Huyu asikie."

Nikarudia. Musyoki alikuwa amesimama akiushika mwimo wa mlango wa nyumba, mlango wa mukau wenye nyufa tatu ndefu zilizojazwa lami.

"Unaona hiyo mlango?" Syengo akaniambia. "Nilimkataza huyu kijana maji. Nilimwambia mtu wa setifiketi alionyesha kanisa yote kwamba maji inaua mbao. Mukau ngapi ameharibu, Musyoki?"

Musyoki alikuwa ananitazama mimi.

"Hasira ya mbao sina," mzee akaendelea. "Na ya msichana sina, hata mimi nilikuwa kijana. Lakini ulichukua kitu nilikuwa najua, ukanifanya niseme sijui." Akapangusa uso kwa kiganja. "Mimi ulishaniambia. Sasa enda uambie wale. Pale pale uliposimama."

"Nitaenda, mzee."

"Lini?"

"Jumapili hii."

Akanipa mkono. Ilikuwa Jumamosi. Basi la kuteremka lilisimama Mwingi mchana, watu wakashuka kununua ndizi na kunyoosha miguu, na kutoka dirishani niliona paa la kanisa. Nilikuwa na pesa za kulala na jamaa wawili wa kunikaribisha. Nilikaza macho kwenye mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yangu mpaka kondakta akagonga ubavu wa basi tukaondoka. Jumapili hiyo niliimba kanisani kwetu Makueni. Nilimwambia Kalekye kwamba mambo yalikwenda vizuri, na hilo nalo leo nalikanusha.

Niliahidi nafsi yangu Jumapili nyingine, na nyingine. Mwaka haukuisha nikapata habari kwamba Syengo amezikwa. Nilipomwona Musyoki kwenye mnada wa mbuzi miaka michache baadaye, alinisalimia kwa heshima, akaniambia kwamba babake, mpaka wiki yake ya mwisho, alikuwa akiwauliza watu waliotoka Mwingi siku ya Jumatatu kama kuna fundi aliyesimama kanisani. Wote walimjibu kwamba hakuna.

Magoti yangu sasa hayanifikishi mbali. Kijana anayesoma haya na ana jamaa Mwingi, ampelekee, na ikiwezekana yasomwe pale baada ya ibada, watu wakiombwa wabaki. Wasikie kwamba Syengo wa Kyuso alikuwa sawa kuhusu maji, kwamba Mwaitu Ndunge alitoa mti mzuri kwa roho nzuri, na kwamba fundi mwenye cheti alidanganya kwa ajili ya kikombe cha chai. Utakayesoma, ukifika kwenye jina langu, usipunguze sauti.